Ngege Aliyetoroka na Namba Yake

Nungwe, Geita,
mwishoni mwa masika.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Zuhura hajamaliza kulitamka neno lenyewe, ndivyo ulivyo. Mgongo unaendeleaje? Yale mawese ya kuchulia unajichua mwenyewe, au unawachua majirani tu na wewe unabaki kuugulia chini chini? Mimi mwili ni mzima. Sina homa, sina kikohozi, nakula na kulala. Mengine utayasikia kadiri Zuhura atakavyosoma.

Zuhura, mdogo wangu, nakuomba kitu kabla hujaendelea. Barua hii usiisomee barazani. Ingieni chumbani kwa Mama, mfunge mlango, na watoto waende wakacheze. Shemeji Mwanaidi naye asiwepo kwanza. Mtume sokoni, au mwambie kaka yako kaandika habari za samaki, jambo ambalo si uongo. Na usome polepole. Nakujua wewe, ukiona habari nzito unaruka mistari ukitafuta mwisho. Leo usiruke.

Mama, barua yenu niliipata. Nimeisoma hata karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umeniambia kwamba Mjomba anataka hitima ya Kaka Rajabu isomwe, kwa kuwa tangu alipokwenda kwenye almasi za Shinyanga, akaandika mara mbili kisha akanyamaza, miaka imekuwa mingi mno. Umeniambia kwamba Mwalimu wa madrasa naye ameafiki, Shemeji akae eda ya kufiwa, kisha aolewe na yule seremala aliyekwisha kutuma watu. Na michikichi ya Kaka igawanywe. Ukamalizia kwa maneno haya, nayajua kwa moyo: "Wewe uko huko huko kwenye migodi. Uliza, unijibu neno moja tu, amekufa au amehama? Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Jibu ninalo, Mama. Usishike kifua, si habari ya kaburi. Lakini si ya kupiga vigelegele pia, na likitoka peke yake litakuumiza kuliko likija na wenzake. Basi nivumilie nianze na samaki, maana ndio walionipeleka.

Huwa unaniuliza kazi yangu hasa ni nini, na Mjomba anawaambia watu kwamba mwanao amesoma ili apime samaki kwa rula. Mwambie Mjomba hajakosea. Huyu Mzungu mkubwa wangu, watu wote wa pwani hii wanamwita Bwana Samaki, na jina lake la kweli sidhani kama yupo anayelikumbuka. Asubuhi tunavuta wavu wa kokoro hapa ghubani, tunawatoa ngege wakiwa hai, tunawatia kwenye pipa la maji. Mimi namlaza kila mmoja kwenye ubao, nampima, kisha namfunga kibati kidogo cha bati jeupe, chenye namba, kwenye kifuniko cha shavu, kwa waya mwembamba. Halafu tunamrudisha majini aende zake. Wavuvi wameombwa kwamba atakayemvua samaki mwenye kibati akilete na aseme kamvulia wapi, naye atapewa ndoano mpya. Mwanzoni walitucheka sana. Mzee mmoja wa Kizinza aliniambia ameona wazimu wa kila namna, lakini hajaona watu wanaovua samaki ili wamvishe hereni.

Ukutani kwake Bwana Samaki amelichora ziwa lote na kuligawa vyumba, kama nyumba ya kupangisha. Ghuba yetu chumba, visiwa vya Kome chumba, na hivyo hivyo hadi mbali. Anachotaka kujua ni milango. Katika samaki waliomo chumba hiki, ni sehemu gani hubaki, na sehemu gani huhamia kwa jirani kabla ya mvua nyingine? Wakubwa wake wanafikiria kupiga marufuku nyavu za hapa ghubani, wakidhani samaki wa hapa ni wa hapa hapa na watakwisha. Wavuvi wanasema samaki ni msafiri, leo kwako, kesho kwa mwenzio. Hesabu ya vibati ndiyo ya kuamua.

Shida ni samaki asiyerudi. Siku moja Bwana Samaki alisimama mbele ya ule mchoro wake, mikono kiunoni, mbwa wake amelala miguuni, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Idi, samaki huyu sioni tena. Sijui amekufa, sijui amehama. Katika hesabu, watu hawa wawili ni sawasawa. Wote hawapo. Mimi nawatenga namna gani?"

Mama, siku hiyo ndiyo siku niliyokuwa nimeipokea barua yako. Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilitoka nje, nikaenda kukaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa mchangani, na sikuweza kurudi kazini mpaka aliponiita mara ya pili.

Ngoja nikwambie jinsi ninavyoishi hapa, maana usipojua hilo hutaelewa lililofuata. Ninakaa kwenye kijumba cha bati karibu na maji. Watu ni wema, sina la kuwalaumu. Salamu zao ni ndefu, wanakuuliza hali yako, ya nyumba, ya ng'ombe ambao huna, na ukiitikia "mhola" wanafurahi kama umewapa zawadi. Lakini baada ya salamu wanarudi kwenye Kisukuma chao, na mimi nabaki na tabasamu langu bila pa kulipeleka. Idi iliyopita niliswali na watu wachache, wachuuzi wapita njia, tukapeana mikono, wakapanda lori wakaondoka. Nilipika wali wangu, nikaula peke yangu, na kilichobaki nikampa mbwa wa Bwana Samaki. Siku nyingine nasikia mtu anaongea, nageuka kumtafuta, kumbe ni mimi, nazungumza na samaki aliyeko ubaoni. Namwambia kwetu wako mgebuka na kuhe na kwamba yeye ngege ni mtamu, lakini asijione. Usicheke, Zuhura.

Basi vibati vikawa havirudi. Tulivifunga vingi, vikaja vichache mno, na Bwana Samaki akawa anawaandika samaki wake upande wa wafu kila wiki. Ndipo siku moja kikaja kibati kutoka Kahama. Dereva wa lori alikileta, alipewa na mama muuza mchele wa Nyahanga, aliyekikuta katika samaki mkavu aliyewanunulia wanawe. Bwana Samaki akaenda kwenye ramani, akaitafuta Kahama, akatafuta maji ya karibu nayo, hakuyapata. Akaniangalia. Nikamwambia, "Bwana, huyu alipanda lori." Alicheka hadi mbwa akabweka. Kisha akaacha kucheka, akasema kama samaki wanakaushwa pamoja na vibati vyao, basi tuliowaandika wafu huenda wamo kwenye masufuria ya watu. Na masufuria makubwa kuliko yote yako kwenye machimbo ya dhahabu. Akaniagiza nifuate samaki mkavu huko aendako.

Nilisafiri na Bwana Sefu, mchuuzi wa samaki mwenyeji wa Tabora. Yeye hununua mzigo wake wote upande wa Kome na kuupeleka kwenye kambi moja ya wachimbaji. Mpishi wa kambi ile ni Mzee Masanja, Msukuma, mnene, mwenye mwiko mrefu kama kafi. Nilimkuta anasonga ugali wa watu hamsini na zaidi. Nikamwamkia, "Mwangaluka, bhabha," akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nikamweleza kwamba natafuta vibati vya samaki.

"Vibati?" akasema. "Hapa hakuna. Hatujaviona hata siku moja."

Mama, nyuma ya kichwa chake, kwenye nguzo ya jiko, ilikuwa imetungwa kwenye kamba shanga nzima ya vibati vyangu, vinametameta kwa moto. Nilivifunga mwenyewe kwa mikono yangu.

"Na vile, mzee?"

Akageuka, akavitazama kana kwamba naye ndiyo kwanza anaviona. "Vile? Vile ni vya watoro."

Ilinichukua muda kumwelewa, na nilipomwelewa nilicheka hadi machozi, kabla ya kucheka kunitoka kabisa. Ujue, Mama, kila mchimbaji hupewa kibati chenye namba. Anakitoa anapoingia shimoni, anarudishiwa anapotoka, na asipoonekana namba yake ndiyo inayotafutwa. Anayetoroka kabla mkataba haujaisha hutafutwa kwa namba hiyo hiyo. Sasa fikiria watu hawa wanamkuta samaki bakulini, ana bati, lina namba, na wanasikia kuna karani wa Wazungu anayevitaka vibati hivyo na kuuliza kila samaki alikamatiwa wapi. Wao wafikirie nini? Wakasema ngege huyu naye aliandikishwa kazi, akatoroka na namba yake. Na miongoni mwao mtoro hachongewi. Ndiyo maana kila kibati kilichopatikana kilifichwa jikoni, na mimi nikawa ndiye polisi wa samaki.

"Sisi hapa hatuchongei mtu, bhabha," Mzee Masanja akaniambia kwa upole. "Hata kama mtu mwenyewe ana magamba."

Nikamweleza kazi yetu. Nikamwambia hakuna samaki atakayerudishwa kazini. Alinisikiliza akisonga. Mwishowe akasema, "Mimi nakuamini. Lakini kuvitoa siwezi mpaka Shabani akubali. Yeye ndiye aliyekipata cha kwanza, nusura kimvunje jino. Yeye ndiye aliyesema huyu ni mwenzetu, alikataa kazi, tusimtaje."

"Shabani ni nani?"

"Mchimbaji. Anakaa Kalangalala na mama Kulwa. Anaongea kama wewe, maneno kama yamepitishwa kwenye mafuta. Kwao ni ziwa jingine huko, sijui wapi. Samaki wetu kila siku anawatukana, anasema wa kwao ni bora."

Mwiko ulikuwa unaendelea kuzunguka na mimi nimekaa pale pale kwenye kigoda. Nilijua, Mama. Sijui nilijuaje, lakini nilisimama nikamwambia Bwana Sefu anielekeze njia ya Kalangalala.

Zuhura, mshike Mama mkono hapo alipo.

Nilimkuta nje ya nyumba anatia mpini kwenye sururu. Amekonda, na nywele zimeingia mvi, lakini kule kuinamisha kichwa upande mmoja anapofanya kazi ni kule kule. Alinyanyua uso. Tulitazamana. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata mimi ingenidanganya, "Karibu, mgeni." Nyuma yake alikuwa mwanamke mmoja anapepeta mtama, akaniamkia vizuri, na watoto wawili pacha wakaja kunizunguka. Kaka akamwambia mkewe, "Huyu ni yule mtu wa samaki. Namsindikiza kisimani, anataka kujua habari za vibati."

Tulitembea mpaka nyumba zikaisha. Hapo akasimama, bado amenipa mgongo.

"Mama yuko?"

"Yuko."

Akakaa chini pale pale njiani, mavumbini, akafunika uso.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, Mama. Mwanao Rajabu yu hai, na sasa anaitwa Shabani. Amejisogeza mwezi mmoja mbele, basi. Kule kwenye almasi kazi ilimshinda, akatoroka kabla mkataba haujaisha, akapita njia ya Kahama kwa miguu, akaingia huku kwa jina jingine. Mwanzoni hakuandika kwa kuogopa barua itamfichua. Kisha hakuandika kwa kuwa alikuwa mikono mitupu na aliona aibu. Kisha akampata mama Kulwa, wakazaliwa watoto, na aibu ikawa kubwa zaidi. Aliniambia, "Kila mwaka nilisema nitarudi baada ya mavuno. Mdogo wangu, kurudi ni kugumu kuliko kutoroka. Anayetoroka anakimbia watu wasiomjua."

Nikamweleza habari za hitima, za Mjomba, za Shemeji na seremala. Nilidhani ataruka kwa hasira. Akakohoa. Kikohozi chake si kizuri, Mama, sitakuficha, ni kile cha vumbi la mwamba. Kisha akasema:

"Basi vizuri. Waambie nimekufa."

"Unasemaje?"

"Nimekufa. Waambie uliuliza, ukaonyeshwa kaburi. Ni jepesi kwa kila mtu. Mwanaidi ataolewa kwa heshima. Michikichi igawanywe, mimi sitaipanda tena. Na Mama atalia mara moja, atapumzika."

Nilikasirika, Mama. Wewe unajua mimi na hasira, huwa zinanijia kwa kuchelewa, lakini zikija zimekuja. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Nilimwambia, "Mama yupi huyo wa kulia mara moja? Umemsahau hata huyo? Umeondoka, na kila Ijumaa anatoa sadaka ya safari yako, kila treni ya Tabora ikiingia Kigoma anamuuliza kila anayeshuka. Unataka nimpe kaburi la uongo alilie?" Yeye akasema nisipige kelele, watu wanapita. Nikazidi kupiga kelele. Mwishowe nikamwambia, "Wakikusomea hitima ukiwa hai, ukifa kweli nani atakusomea?"

Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kumwona Kaka akilia, hata siku alipovunjika mkono.

Tukazungumza tena, sasa taratibu. Akasema kurudi hawezi. Mama Kulwa ni wa huku, wazazi wake ni wazee, watoto ni wa huku, na yeye mwenyewe bado anaogopa jina lake la zamani, ingawa mimi nadhani hakuna anayelitafuta tena. Nikamwambia sawa, usirudi, lakini Mwanaidi hawezi kukaa eda ya mtu ambaye yu hai na anachimba dhahabu. Mfungulie mlango kwa haki. Akaafiki. Tulimtafuta mwalimu wa chuo cha pale, mtu mzima na msiri, na Bwana Sefu akawa shahidi wa pili. Mwalimu akamuuliza jina la kuandika. Kaka akasema, "Rajabu." Mwalimu akainua macho, kwa kuwa miaka yote anamjua kwa Shabani. Kaka akalirudia, akatamka talaka mbele yetu, akashika kalamu kutia sahihi. Kalamu ikasimama juu ya karatasi hadi wino ukadondoka. Karatasi yenyewe imo ndani ya bahasha hii. Doa mtakaloliona ndilo hilo.

Nilipoagana naye, nilimwambia nitakuja tena baada ya wiki chache, nilete sukari kwa watoto. Akanishika bega. Akasema, "Usije, Idi. Tunafanana mno. Leo mke wangu amekutazama, akanitazama na mimi, akainamia ungo wake. Ukija mara ya pili ataniuliza, na mimi nikianza kujibu sitajua pa kukomea."

Nikamjibu nimesikia.

Mzee Masanja alinipa shanga yake ya vibati bila neno, baada ya Kaka kumtumia habari kwamba mtu huyu si mchongezi. Nilivirudisha Nungwe. Bwana Samaki alivimwaga mezani, akavipanga, akauliza maswali yake yote, na alipojua kwamba mzigo wa Bwana Sefu hutoka Kome peke yake, alikaribia kunikumbatia. Samaki wetu wa ghubani walikuwa wamevuka mpaka huko, milango ipo, wavuvi walisema kweli. Akaanza kuwafuta katika upande wa wafu na kuwaandika upande wa waliohama, mmoja mmoja, huku anaimba wimbo wa kwao. Mimi nilikuwa namsomea namba. Katikati nikakiweka kibati chini, nikaacha kusoma. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni moshi wa samaki, umenikaa kifuani. Akaniangalia kidogo, akasema nipumzike, akanipa chai katika kikombe chake mwenyewe. Naye hana mtu hapa. Kuna wakati namsikia anamsimulia mbwa habari za mama yake.

Mama, nilikuja huku nikijua kwamba nitakuwa peke yangu, na nilivumilia kwa kuwa ndugu zangu wote walikuwa mbali. Upweke wa namna ile una mpaka wake, unaweza kuuhesabia siku za treni ya kurudi nyumbani. Sasa nina ndugu umbali wa safari ya lori, najua njia, naijua nyumba, naujua hata mti uliopo uani, na sina ruhusa ya kwenda. Huu wa sasa sijajua pa kuushikia. Ijumaa iliyopita lori la Bwana Sefu lilisimama hapa, akaniuliza, "Twende?" Nikasema nina kazi. Nilikuwa sina kazi yoyote.

Sasa nisikilize vizuri, Mama, maana umesema nitakalosema ndilo utakalofanya. Amehama. Hitima msisome. Mwambie Mjomba michikichi haigawanywi, ina mwenyewe, na mpaka mwenyewe atakaposema vingine uivune wewe. Shemeji Mwanaidi mwite sasa, Zuhura, umpe karatasi yake mkononi, usimsomee wewe, asome mwenyewe au amtafute wa kumsomea. Mwambie akae eda ya talaka, na ikiisha aolewe na seremala wake bila kuinamisha uso, hana alilokosa. Akilia mwacheni alie. Akitukana mwacheni vile vile, ana haki. Lakini mahali alipo Kaka na jina analoitwa, hayo yabaki kati yenu wawili na Mungu. Nilimwambia Kaka nitasema yu hai, sikumwambia nitamtangaza.

Na wewe Mama, nakuomba jambo moja gumu. Acha kwenda kituoni. Treni ikiingia, ukae nyumbani.

Nisalimie Mjomba, najua atanuna kwa habari ya michikichi, lakini kununa hakuui. Nisalimie Bibi, shikamoo yake aipate. Nisalimie Mwalimu, mwambie katika habari ya eda nimemsahihisha kwa kheri wala si kwa ujeuri. Shemeji wa mtaa wa pili, mume wa Zuhura, mwambie zile nyuzi za nyavu alizoagiza nimeziona Mwanza, nitampatia. Na mtoto wa Zuhura aliyezaliwa juzi, mbusuni shavuni kwa niaba yangu, maana mimi shavu la mtoto wa kwetu nimelikosa.

Nilikuwa nisikwambie hili, lakini sina mwingine wa kumwambia. Wale pacha ni Kulwa na Doto, wavulana, wananifika kiunoni. Kulwa ana paji lako la uso, limejitokeza hivyo hivyo. Siku ile, baba yao alipoingia ndani kuvaa viatu, Doto aliniomba nimpime kama ninavyopima samaki. Nikamlaza kwenye kirago, nikampima kwa shibiri toka utosini hadi kisigino. Nduguye akadai naye. Nikampima. Kisha Kulwa akaniuliza, "Wewe ni nani wetu?" Nikamwambia mimi ni mpima samaki, napita tu.

Ni mimi mwanao, ambaye bado naitwa jina ulilonipa,

Idi